Anza na Tundu, Kioo Baadaye

Pikipiki ya zamani inapofufuliwa, vioo vya pembeni hununuliwa mwisho kabisa. Injini imeshaunguruma, tangi limepigwa rangi, spoki zimebadilishwa, na mfuko umekauka. Hapo mwenye pikipiki anaingia duka la kwanza la spea analoliona, iwe Kariakoo au Grogan, anaomba "saiti mira", anakabidhiwa jozi iliyofungwa kwenye nailoni, na fundi anaifunga papo hapo kando ya barabara. Bolti ikigoma, anaongeza nguvu. Kitako cha klachi, kile kinachoshika mkono wa klachi kwenye usukani, kilichovumilia miaka arobaini ya mashimo na mvua, kinapasuka mbele ya macho yako.

Kioo ni rahisi kupata kuliko kitako hicho. Ndiyo maana nakushauri uanze na tundu ambamo kioo kinaingia, ufuate shina, kisha kioo chenyewe, na umbo lije mwisho. Wengi huenda kinyume: wanapenda umbo kwanza, halafu wanailazimisha pikipiki ikubali.

Tundu na meno yake

Pikipiki nyingi za Kijapani zina tundu lenye meno juu ya kitako cha klachi upande wa kushoto, na jingine juu ya kitako cha breki upande wa kulia. Shina la kioo linaingia humo, kisha nati inalibana. Kipimo kilichoenea kwa Honda, Suzuki, Kawasaki na Yamaha ni bolti ya milimita 10 yenye hatua ya milimita 1.25, yaani umbali kutoka jino moja hadi la pili. Skuta na pikipiki ndogo, zikiwemo nyingi za ukoo wa Honda Cub, hutumia milimita 8. BMW za zamani zenye injini ya boksa zina milimita 10 pia, lakini hatua yake ni 1.5.

Tofauti ya robo milimita inaonekana ndogo mpaka uijaribu. Bolti ya hatua 1.5 ikiingizwa kwenye tundu la 1.25 itazunguka mara moja au mbili vizuri, kisha itakaza. Hapo fundi anadhani ni kutu, anamimina mafuta, anachukua spana ndefu. Kitako kimetengenezwa kwa aluminiamu au aloi laini zaidi, bolti ni chuma. Anayeshindwa anajulikana kabla ya mechi kuanza.

Kama una venia, pima unene wa bolti. Usishangae ya 10 ikisoma 9.8 na ya 8 ikisoma 7.8, kwa sababu ncha za meno hupunguzwa kidogo kiwandani. Hatua unaweza kuipima kwa rula ya shule: weka sifuri kwenye ncha ya jino moja, hesabu nafasi kumi, soma umbali. Ukipata milimita 12.5, hatua ni 1.25. Ukipata 15, ni 1.5. Usipime nafasi moja tu, macho yatakudanganya.

Na kama huna kioo cha zamani cha kulinganisha, una tundu tupu tu? Kwa tundu dogo, bolti ya 8 ya kawaida inafaa kwa majaribio, maana hatua yake ya kawaida ni 1.25. Kwa tundu kubwa uwe mwangalifu: bolti ya 10 inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi aghalabu ina hatua ya 1.5, kwa hiyo ukipimia hiyo utaharibu kitu ulichokuja kukiokoa. Tafuta bolti ya 10 iliyotoka kwenye pikipiki au gari la Kijapani, ihesabu meno kwanza, ndipo uijaribu.

Pikipiki za Kiingereza zina mtego wao. Kipimo cha inchi tano kwa kumi na sita ni milimita 7.94, kwa mkono huwezi kukitofautisha na 8. Meno yake ni mengine kabisa, na hata yenyewe kwa yenyewe yanatofautiana: zipo za meno 18, 22, 24 na 26 kwa inchi. Ukiwa na Triumph au BSA, usiamini jibu la "hii ni ya nane" mpaka uone meno yamelala pamoja. Weka bolti mbili ubavu kwa ubavu, uzinyanyue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, hazifanani.

Kwa pikipiki yoyote ile, kanuni yangu ni moja: bolti ya kioo iingie kwa vidole vitupu, mizunguko mitano au sita, kabla spana haijaguswa. Isipoingia, simama. Safisha meno ya tundu kwa tepu ya kukatia meno, ya kipimo sahihi, na mafuta kidogo, ukirudisha nyuma nusu mzunguko kila inapokuwa nzito, kisha ujaribu tena.

Yamaha ina mambo yake

Ukanda wetu una Yamaha nyingi za miaka ya 1970 na 1980: DT zilizopanda milima na maofisa na wamisionari, AG100 za mabwana shamba. Wengi wanaozifufua leo wanakwama mahali pamoja. Kwenye Yamaha, tundu la kulia kwa kawaida lina meno ya kinyume. Kioo cha kulia hukazwa kwa kuzungushwa kushoto na hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Anayejaribu kukifungua kwa mazoea anazidi kukikaza hadi shina linakatikia ndani.

Wajapani hawa hawakukosea. Fikiria kioo cha kulia kimegonga kioo cha daladala mnapopishana. Kinasukumwa nyuma, na ukitazama kutoka juu, shina linazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Meno ya kawaida yangezidi kukaza, nguvu yote ingeishia kwenye kitako. Meno ya kinyume yanalegea, kioo kinageuka, kitako kinapona. Upande wa kushoto mambo yako kinyume, kwa hiyo meno ya kawaida yanafanya kazi hiyo bila kuhitaji ujanja. Kwenye pikipiki yenye breki ya diski mbele, kitako cha kulia ndicho masta silinda yenyewe, na hapo utaelewa kwa nini kiwanda kilijisumbua.

Kuyatambua meno hayo ni rahisi. Simamisha bolti wima mbele ya uso wako. Meno ya kawaida hupanda kuelekea kulia. Ya kinyume hupanda kuelekea kushoto. Lakini kwenye pikipiki ya mtumba usiridhike na jina lililoandikwa tangini. Mmiliki fulani wa zamani huenda alichoka kutafuta kioo cha kinyume, akapitisha tepu ya kawaida, au akabadilisha kitako chote akaweka cha Honda. Tazama meno yenyewe kwa tochi.

Kama umepata jozi nzuri yenye meno ya kawaida pande zote mbili, zipo adapta ndogo za kugeuza: kutoka kinyume kwenda kawaida, kutoka 10 kwenda 8, na kinyume chake. Ninazitumia bila aibu kwenye pikipiki ya kazi. Kwenye pikipiki unayotaka irudi kama ilivyotoka kiwandani, adapta huinua kioo na huonekana kwa mbali, na isitoshe ni sehemu moja zaidi inayoweza kulegea.

Meno yakiwa yameshasagika, usikubali gundi ya chuma. Fundi mzuri wa kukereza atatoboa tundu, ataweka meno mapya ya waya wa chuma aina ya Helicoil, na tundu litakuwa imara kuliko mwanzo. Njia nyingine ni kujaza kwa kuchomelea aluminiamu na kutoboa upya, lakini usifanye hivyo kwenye masta silinda kama unajali breki zako.

Upande upi, na vingapi

Mtu wa leo anadhani vioo lazima viwe viwili. Pikipiki nyingi hadi miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na kimoja, na upande wake ulitegemea soko. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, anayekupita anatokea kulia, kwa hiyo kioo kimoja kikiwepo ni cha kulia. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, hesabu inageuka. Sasa chukua Honda iliyouzwa Ujerumani, ikapanda kontena miaka mingi baadaye ikashukia Dar es Salaam. Inaweza kuwa na kioo cha kushoto peke yake, kikiwa cha asili kabisa, na kisikufae kitu barabarani kwetu. Chunguza kitako cha kulia: kama kuna kizibo cha raba au bolti fupi isiyoshika kitu, chini yake kuna tundu linakusubiri. Kama hakuna, tafuta kitako cha modeli hiyohiyo kilichouzwa Uingereza au Japani, ambako wanaendesha kushoto kama sisi.

BSA Bantam ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, na wanunuzi wengi waliichukua bila kioo chochote. Uingereza hata leo sheria haimlazimishi mwenye pikipiki ya kawaida kuwa na kioo. Kwa mashine kama hiyo, swali la kioo "cha asili" halina jibu. Kilichokuwepo ni vioo vya duka la vifaa, vya mviringo, vilivyobanwa kwenye usukani kwa klampu. Weka kimoja cha aina hiyo na ulale usingizi. Usukani wa Kiingereza na wa Kijapani kwa kawaida una kipenyo cha inchi saba kwa nane, yaani milimita 22.2, na klampu ya kipimo hicho inakaa kwenye zote. Harley-Davidson ina inchi moja, milimita 25.4, na klampu ya 22 haitafunga hata uibembeleze vipi.

Wenye Vespa na Lambretta wana uhuru mkubwa zaidi, maana vioo vyao hubanwa kwenye usukani au kwenye ukingo wa ngao ya miguu. Vijana wa Uingereza waliojiita mods walitumia uhuru huo miaka ya 1960 mpaka skuta moja ikabeba vioo visivyohesabika mbele, na filamu ya Quadrophenia ya 1979 ikaipeleka picha hiyo dunia nzima. Ukitaka kufufua Vespa kwa mtindo huo, sawa, ni historia halali. Weka tu kipande cha raba kati ya klampu na bati, maana ukingo ule ukikwaruzwa rangi, kutu inaanzia hapo.

Namba ni bora kuliko picha

Unapotafuta kioo cha asili, usitafute kwa maelezo. "Kioo cha Honda ya zamani" ni ombi litakalokuletea kila kitu isipokuwa unachotaka. Tafuta kwa namba ya spea. Namba ya Honda ya kioo cha kulia huanza na 88110, ya kushoto 88120. Tarakimu tatu zinazofuata zinataja modeli: 300 ni CB750 iliyotoka 1969, 377 ni CB400F. Yamaha inaanza na msimbo wa modeli, kisha 26280 kwa kushoto na 26290 kwa kulia. Ukipata kitabu cha spea cha modeli yako, hakikisha ni cha nchi ambako pikipiki iliuzwa kwanza, maana ukurasa wa vioo ni mmoja kati ya zile zinazobadilika sana kutoka soko hadi soko.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawakwambii: kiwanda kikitumia kioo kilekile kwenye modeli ya pili, namba hubaki na msimbo wa modeli ya kwanza. Kwa hiyo kitabu cha pikipiki yako kinaweza kutaja msimbo wa pikipiki nyingine kabisa. Furahi ukiona hivyo. Maana yake kioo chako kilitengenezwa kwa wingi zaidi, na kinaweza kuwa kinauzwa kwa jina la modeli isiyotafutwa sana, kwa bei ya chini.

Picha za matangazo ya enzi zile zitumie kwa tahadhari. Nyingine zilipigwa pikipiki ikiwa imevuliwa vioo ili ipendeze. Picha ya familia, baba amekaa juu ya pikipiki yake nje ya nyumba mwaka 1975, ni ushahidi mzuri kuliko karatasi ya kiwanda. Kwa makadirio ya haraka, vioo vya mviringo vyenye kromu ni vya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, vya pembe nne vinaingia kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, na plastiki nyeusi inatawala miaka ya 1980. Tofauti zipo, lakini kioo cheusi cha plastiki kwenye Honda ya 1968 kitamkera yeyote anayejua.

Shina na mtetemo

Kaa kwenye pikipiki kama unavyoendesha, siyo kama unavyopigwa picha. Mtu mwingine akushikie kioo mahali pake. Ukiona bega lako na kiwiko tu, shina ni fupi au limeinama mno. Mwenye mabega mapana anahitaji shina refu kuliko yule aliyefungiwa kioo hicho miaka ya sitini huko Hamamatsu, Japani. Sioni dhambi kuchagua shina refu la modeli nyingine ya kampuni hiyohiyo, mradi kipindi ni kimoja.

Lakini urefu una gharama yake. Shina refu na jembamba linatetema, na kioo kinachotetema kinakuonyesha ukungu wenye taa mbili. Injini ya silinda moja kama ya Honda CG125 inatikisa, na zile pacha za Kiingereza ambazo pistoni zake mbili hupanda na kushuka pamoja, kama Triumph Bonneville na BSA za wakati wake, zinatikisa zaidi. Mara nyingi ukungu hutokea kwenye kasi fulani tu ya injini, halafu hupotea. Hiyo ni dalili kwamba shina lina mdundo wake na injini imeufikia.

Jaribu hivi. Pikipiki ikiwa imesimama, pandisha kasi ya injini taratibu mpaka kioo kianze kutia ukungu, kisha shika kichwa cha kioo kwa vidole viwili. Kikitulia, tatizo ni shina, na dawa ni kubadili mdundo wake. Unaweza kuongeza uzito ndani ya kichwa, kipande kidogo cha risasi kilichogandishwa nyuma ya kioo, ambacho hushusha mdundo chini ya kasi unayotumia safarini. Au weka shina fupi na nene zaidi, ambalo hupandisha mdundo juu yake. Kama kioo hakitulii hata ukikishika, mtikisiko unatoka kwenye usukani wenyewe. Angalia raba za usukani na bolti zinazoshika injini kabla hujamlaumu mtengeneza kioo.

Vioo vya ncha ya usukani vinapendwa na wanaojenga pikipiki za usukani wa chini. Vinaona chini ya kiwiko badala ya juu yake, na vinapendeza. Pima kipenyo cha ndani cha bomba la usukani, maana la nje ni 22.2 kwa nyingi lakini unene wa bomba unatofautiana, na kizibo kinachotanuka hushika kwa kipimo cha ndani. Kumbuka pia kwamba umeongeza upana wa pikipiki pande zote mbili. Kwa anayepenya foleni ya Mombasa Road jioni, vioo hivyo havidumu.

Bapa au mbonyeo

Vioo vingi vya zamani ni bapa. Vinakuonyesha ukubwa wa kweli wa lori lililo nyuma yako, lakini vinakuonyesha kipande kidogo cha barabara. Vya baadaye vimetuna kidogo, vinaona eneo pana zaidi. Kuvitambua, weka rula ya chuma juu ya kioo ikipita katikati. Kama inakaa imelala yote, kioo ni bapa. Kama inayumba na kuacha mwanya kwenye kingo, kimetuna. Mwanya huo ni mdogo: kwa kioo cha milimita 100 chenye nusu-kipenyo cha mtuno cha milimita 1200, ni kama milimita moja tu kila upande.

Tofauti barabarani si ndogo hivyo. Kioo hicho kikiwa sentimita 70 kutoka machoni, upana unaouona ni zaidi kidogo ya mara mbili ya ule wa kioo bapa, na gari lililo mita 20 nyuma yako linaonekana karibu nusu ya ukubwa wake. Aliyezoea kioo bapa atalidhani liko mita arobaini na zaidi, na ataingia kwenye njia ambayo tayari limeichukua. Kwa hiyo usichanganye: bapa kulia na cha mtuno kushoto kwenye pikipiki moja ni njia ya uhakika ya kukosea umbali. Vifanane.

Kanuni namba 81 ya Tume ya Uchumi ya Ulaya ya Umoja wa Mataifa, ambayo viwanda vingi hufuata, inataka mtuno uwe kati ya milimita 1000 na 1500, eneo la kioo lisipungue sentimita 69 za mraba, na kioo cha mviringo kiwe na kipenyo cha angalau milimita 94. Vioo vyenye idhini hiyo vina herufi E ndani ya duara. Vile vidogo vya inchi tatu vinavyopendwa kwenye ncha za usukani vina milimita 76. Ni vizuri kwa maonyesho. Kwa barabara ya Morogoro, vinaniacha na wasiwasi.

Kuokoa kioo cha asili

Ukipata kichwa cha asili kikiwa na kioo kilichochakaa, umebahatika kuliko aliyepata jozi mpya ya kuiga. Chuma kinaokolewa, kioo kinabadilishwa.

Vingine vimeshikwa na pete ya raba: vitie kwenye maji ya moto mpaka raba ilainike, kisha ichokonoe kwa kijiti cha mti, siyo bisibisi. Vingine vina pete ya kromu iliyokunjwa ukingoni. Hiyo ifungue kidogo kidogo ukizunguka kote, kwa sababu ukiilazimisha mahali pamoja haitarudi. Fundi wa vioo vya fremu atakukatia kioo bapa cha milimita 2 au 3 kwa kufuata kile cha zamani. Kwa kioo cha mtuno, mpelekee kioo cha pembeni cha lori au basi kilichotupwa, akate humo. Epuka vile vidogo vilivyotuna sana vya kuonea tairi, na vyenye nyaya za kupashia joto nyuma.

Gundi isikuponze. Silikoni inayonuka siki ina asidi, na asidi hiyo itakula rangi na fedha ya nyuma ya kioo mpaka madoa meusi yaanze kutambaa kutoka pembeni. Tafuta silikoni isiyo na harufu ya siki. Kabla ya kubandika, paka ukingo wote wa kioo kipya vanishi, uache ukauke. Hewa ya chumvi ya Tanga na Zanzibar inaingilia hapo hapo.

Kutu juu juu ya kromu inatoka kwa karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Sugua taratibu, ufute, upake nta. Kromu iliyokwisha kubanduka haina dawa ya nyumbani. Shina lililopinda usilinyooshe kwa gongo: kromu itapasuka hata chuma kikinyooka, na kama shina ni bomba litabonyea. Afadhali shina la pikipiki nyingine kwenye kichwa cha asili.

Unaponunua vya kuiga, usitazame kioo kwanza. Shika kichwa uzungushe: gololi iliyo shingoni isogee kwa uzito, isibaki ikipwaya. Tazama sura yako kwenye kromu ya shina. Ikiwa na mawimbi na ukungu, kromu ni nyembamba. Kisha simama mita kadhaa kutoka kwenye nguzo ya umeme na uitazame ndani ya kioo huku ukikisogeza. Nguzo ikipinda na kunyooka, kioo ni kibovu, mrudishie mwenye duka kabla hajakufungashia.

Kufunga

Paka grisi kidogo kwenye meno. Zungusha shina kwa mkono hadi karibu na mwisho, lielekeze unakotaka, kisha ulishike kwa spana moja huku nati ikikazwa kwa nyingine. Nati ndiyo inayoshika, shina halikazwi mpaka chini. Kwenye tundu la kinyume, nati nayo ni ya kinyume.

Ukiwa umekaa na injini ikizunguka, weka upeo wa barabara katikati ya kioo, na ukingo wa ndani uonyeshe kipande kidogo cha bega lako, kiasi cha kukuelekeza tu. Mwambie rafiki atembee kutoka nyuma, apite upande wako wa kulia hadi mbele, na wewe umfuate kwa kioo. Atatoweka mahali fulani kabla hujamwona kwa kona ya jicho. Mahali hapo ndipo pa kugeuza shingo kila unapotaka kuhama njia, na hakuna kioo cha mwaka wowote kitakachokufanyia kazi hiyo.

Baada ya safari ya kwanza ya kilomita hamsini hivi, rudia nati zote mbili kwa spana. Vile vioo ulivyovivua, hata vikiwa vimevunjika, vifunge kwenye gazeti lenye mafuta, andika modeli na upande, uviweke. Kuna mtu mahali fulani anatafuta kichwa chenye namba hiyo hiyo.